Kiti mwendo si mzigo

Mhariri,

Jumanne ya wiki iliyopita nilitoka Tabata kwenda Kariakoo kununua zipu na bitana. Mimi ni fundi cherehani. Polio iliniachia miguu isiyosimama tangu utotoni, kwa hiyo nashona kwa cherehani ya mkono na natembelea kiti mwendo.

Daladala mbili zilipunguza mwendo, zilipokiona kiti zikaondoka. Ya tatu ilisimama kwa kuwa ilikuwa na abiria wa kushuka. Kijana muuza karanga pale kituoni akanibeba mpaka ndani, mama mmoja akanipisha siti ya mbele, Mungu awabariki wote wawili. Konda alikikunja kiti akakisukuma kwa goti pembeni ya dereva hadi chuma cha kuegemeza mguu kikapinda. Tulipofika Buguruni akaninyooshea mkono: “Dada, mia sita yako na mia sita ya kiti.”

Nililipa 1,200. Ningekataa ningeshushwa, na mimi nikishushwa njiani siwezi kudandia gari la nyuma. Kwa safari zangu tatu za wiki, kwenda na kurudi, kiti peke yake kinakula shilingi 3,600. Lakini kinachoniuma zaidi ni kuhesabiwa pamoja na magunia. Gunia la mkaa lina mwenyewe aliyeamua kusafiri nalo. Mimi sijaamua kubeba kiti. Hakuna abiria anayelipia miguu yake.

Nimewasikiliza makonda kwa miaka mingi, na sisemi kwamba wana roho mbaya. Jioni wanadaiwa hesabu ya siku na tajiri mwenye gari, iwe mvua, iwe foleni. Dakika mbili za kunipandisha ni abiria wanne waliochukuliwa na gari la nyuma. Ndiyo maana sitaki jambo hili liachiwe huruma ya konda mmoja mmoja, maana yule mwenye huruma ndiye atakayepungukiwa hesabu. Likiwa agizo kwa magari yote, hakuna atakayempita mwenzake kwa kunikimbia mimi.

Na agizo linafanya kazi, tunaliona kila siku kwa wanafunzi. Konda anaweza kumkimbia mwanafunzi kituoni, na hilo nalo ni baya, lakini mtoto akishaingia anatoa 200 yake na hakuna wa kumbishia. Kwa nini? Kwa sababu nauli ya mwanafunzi imepangwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa ardhini, na kila abiria garini anaijua. Konda akileta ubishi, gari zima linamgeukia. Siku ile hata yule mama aliyenipisha alinyamaza, na simlaumu, kwa kuwa hakuwa na agizo la kushikilia.

Sheria kubwa tunazo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inautaja usafiri waziwazi. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Na mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi mwaka 2016 kati ya Kimara na mjini, tuliona kwamba basi linaweza kujengwa hivyo: sakafu yake inalingana na jukwaa la kituo, unaingia na magurudumu yako bila kubebwa kwapani na mtu usiyemjua. Mwanamke mwenzangu ataelewa kwa nini hilo la mwisho nalitaja. Lakini mwendokasi haupiti kwetu Tabata. Sisi usafiri wetu ni Coaster yenye ngazi, na siombi Coaster zote zibadilishwe kesho.

Ninaiomba LATRA, ambayo ndiyo inayopanga nauli na kutoa leseni, iyaweke mambo mawili katika masharti ya daladala: gari lisiondoke kituoni kabla mwenye ulemavu hajapanda na kukaa, na kifaa chake kisitozwe hata senti. Hilo la pili liandikwe kwenye karatasi ileile ya nauli inayobandikwa garini, chini ya mstari wa wanafunzi, kwa herufi kubwa: KITI MWENDO NA MAGONGO HAVILIPIWI.

Fundi cherehani,
Tabata, Dar es Salaam