Hita ya gesi ikigoma kuwaka, isilazimishwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye nyumba za wageni na wapangishaji wa huku Njombe. Baridi ya Juni imeingia na simu ninazopigiwa nyingi ni za hita za gesi za ukutani, zile za kupasha maji ya kuoga. "Fundi, inatoa cheche ila haiwaki." "Fundi, iko kimya kabisa." Mpigaji huwa ameshaamua kwamba mashine imekufa.

Kabla hujanunua nyingine, fungua koki ya maji ya moto usikilize. Hita hizi huamshwa na msukumo wa maji: yakipita, utando wa mpira ulio ndani ya valvu husukuma swichi, ndipo cheche zinapoanza na gesi kufunguka. Ikiwa kimya, angalia betri, kisha maji. Simtanki lililo juu kidogo tu ya bafu halina msukumo wa kutosha. Hita nyingi hutaka tanki liwe juu yake kwa mita 2 au zaidi. Lile chujio dogo kwenye maungio ya maji baridi nalo lifunguliwe lisafishwe, mchanga hujaa humo.

Cheche zikilia bila moto, tatizo litafute kwenye gesi. Hita ya lita 10 kwa dakika ikiwaka kwa nguvu zote hula karibu kilo moja na nusu ya gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 6 hauwezi kuihimili kasi hiyo, hasa alfajiri ya huku kwetu: hutoa jasho, kisha barafu, na moto unafifia wakati mteja ana povu kichwani. Nyumba ya wageni iweke wa kilo 38.

Ikiwaka kidogo na kuzima, mara nyingi kijiti cha kuhisi moto kimeshika masizi. Hufutwa kwa msasa laini, basi. Kinachoniuma ni mafundi wanaounga nyaya ili kukiruka kijiti hicho. Kazi yake ni kufunga gesi moto unapozimika. Kikirukwa, gesi inaendelea kutoka, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inatulia sakafuni ikingoja kiberiti.

Lakini hita ninayoiogopa zaidi ni ile inayowaka kwa moto wa njano, kwa sababu mwenyewe huona maji ya moto yanatoka na kuridhika. Moto unatakiwa uwe wa buluu. Njano maana yake hewa haitoshi: bana, yaani sehemu gesi inapowakia, imeziba kwa vumbi au utando wa buibui, au chumba hakipumui. Hapo ndipo inapozalishwa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mgeni anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, anadhani ni uchovu wa safari, na anaweza kufia humo. Nimekuta hita imefungwa ndani ya bafu lisilo na dirisha, bomba la moshi limeishia juu ya dari. Hita hizi zifungwe nje, ukutani.

Maofisa afya wa halmashauri hukagua vyoo na mashuka ya nyumba za wageni. Nawaomba wafungue na maji ya moto, watazame rangi ya moto kwenye kidirisha cha hita. Wakikuta njano, gesi ifungwe hapohapo mpaka fundi aisafishe.

Fundi bomba,
Njombe