Malalamiko kuhusu Seti ya CD za Jim Reeves Iliyouzwa kama Rekodi Zake Zote za Asili

Nakuru,
14 Mei 2024

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana/Bibi,

KUH: SETI YA CD ZA JIM REEVES, 1949–1964

Ninaandika kulalamikia seti ya CD kumi na mbili niliyoinunua kwenu mwezi wa Machi kwa shilingi 18,500, ambayo mliitangaza, na kuichapisha hivyo juu ya kasha lake, kwamba ina rekodi zote za asili za mwimbaji wa kantri Jim Reeves tangu mwaka 1949 hadi 1964. Nimeisikiliza seti nzima nikiilinganisha na santuri nilizo nazo, na nimeridhika kwamba rekodi hizo si zote, na kwamba sehemu kubwa ya zilizomo si za asili. Nilipowapigia simu, mhudumu wenu alinijibu kwa adabu kwamba mwimbaji ni yule yule na nyimbo ni zile zile, kwa hiyo haoni nilichopoteza, akaongeza kwamba wasikilizaji wengi hawatambui tofauti. Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike barua hii, kwa sababu linaonyesha kwamba kampuni yenu haijafahamu bidhaa iliyoniuzia.

Mtu anayekusanya rekodi za mwimbaji mmoja hatafuti nyimbo peke yake, maana nyimbo za Jim Reeves zinazojulikana sana zinapatikana popote na kwa bei ya chini. Anachotafuta ni kuufuata mwendo wa mwimbaji tangu alipoanza hadi alipokoma, asikie ni kitu gani kilibadilika, lini, na mikononi mwa nani. Kwa Jim Reeves mwendo huo ni wa ajabu. Alizaliwa Texas mwaka 1923, akatamani kuwa mchezaji wa besiboli hadi jeraha lilipomzuia, akawa mtangazaji wa redio, na mwaka 1949 akarekodi kwa mara ya kwanza na Macy's, lebo (yaani kampuni ya kurekodi muziki) ndogo ya mjini Houston. Mexican Joe, uliompa umaarufu mwaka 1953 alipokuwa na lebo ya Abbott, ni wimbo wa kuchangamka, na sauti yake humo imepazwa juu kama ilivyokuwa desturi ya waimbaji wengi wa kantri wa wakati huo. Alipohamia RCA Victor mwaka 1955 na kufanya kazi na Chet Atkins, mpiga gitaa na mtayarishaji wa muziki, sauti hiyo ilianza kushuka, hata katika Four Walls ya mwaka 1957 akakisogelea kipaza sauti na kuimba kwa upole, kana kwamba anamnong'oneza mtu mmoja. Tarehe 15 Oktoba 1959 walirekodi mjini Nashville wimbo wa He'll Have to Go, ambao ndani yake kuna piano ya Floyd Cramer, vibrafoni (ala ya vibao vya chuma vinavyogongwa) ya Marvin Hughes na waitikiaji wa Anita Kerr waliowekwa nyuma kabisa ili wasiizibe sauti ya mwimbaji. Wimbo huo ulitolewa kwanza kama upande wa pili wa santuri, lakini watangazaji wa redio waligeuza santuri, na ukashika nafasi ya kwanza kwenye chati ya kantri ya jarida la Marekani la Billboard kwa wiki 14. Umbali uliopo kati ya 1953 na 1959 ndio ninaotaka kuusikia hatua kwa hatua, na ndio tangazo lenu liliahidi.

Seti yenu imeuvuruga. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wimbo wa Am I Losing You, ambao Jim Reeves aliurekodi mara mbili: kwanza katika miaka yake ya mwanzo RCA, ukaingia kwenye chati mwaka 1957, kisha akaurudia mwaka 1960 kwa mtindo mpya uliokuwa umemjengea jina. Kwa mkusanyaji, rekodi hizo mbili zikiwekwa pamoja ni hazina, kwa kuwa ni mtu yule yule akiimba maneno yale yale baada ya kubadilika, na hakuna maelezo ya mwandishi yeyote yanayoweza kuonyesha mabadiliko hayo vizuri kuliko masikio yenyewe. Kijitabu chenu kinataja zote mbili, moja kwenye CD ya tatu na nyingine kwenye CD ya saba, kila moja na mwaka wake. Nilipozicheza, nikagundua kwamba ni rekodi moja, ile ya 1960, iliyowekwa mara mbili. Urefu ni ule ule, pumzi anazovuta kati ya mistari ni zile zile, na piano inaingia mahali pale pale. Rekodi ya kwanza haimo kabisa, na aliyepanga kijitabu ama hakuisikiliza kazi yake, ama alitumaini kwamba hakuna atakayeisikiliza.

Jim Reeves alikufa tarehe 31 Julai 1964, wakati ndege ndogo aliyokuwa akiiendesha mwenyewe ilipoanguka karibu na Nashville katika mvua kubwa, akafa pamoja na mpiga piano wake, Dean Manuel. Kijitabu chenu kinaieleza ajali hiyo katika kurasa zake za mwanzo, kisha mbele kidogo kinasema kwamba Distant Drums ulirekodiwa mwaka 1966. Sijui msomaji asiyemfahamu mwimbaji huyu aelewe nini. Ukweli ni kwamba Jim Reeves aliuimba wimbo huo kwa ajili ya mtunzi wake, Cindy Walker, kama sampuli tu. Baada ya kifo chake okestra ikarekodiwa juu ya sauti ile, santuri ikatolewa mwaka 1966, na ikashika nafasi ya kwanza nchini Uingereza kwa wiki tano. Naomba msinielewe vibaya hapa. Mimi siukatai wimbo huo, na naupenda, na mkusanyo wa Jim Reeves usio na Distant Drums ungekuwa na pengo. Ninachokataa ni kuuzwa kwangu kama rekodi ya asili, kwa mwaka usiowezekana, pasipo neno hata moja la kunijulisha kwamba ala ninazozisikia zilipigwa na watu ambao hawakuwa studioni pamoja na mwimbaji.

Wala si wimbo huo mmoja. Mjane wake, Mary Reeves, na kampuni ya RCA waliendelea kutoa nyimbo zake kwa miaka mingi baada ya 1964, na katika miaka ya 1970 na ya 1980 sauti yake iliwekewa ala mpya mara kwa mara ili ilingane na ladha ya wakati huo. Jambo hilo linajulikana, na kampuni zinazoheshimu wanunuzi huandika kando ya kila wimbo ni ala zipi ziliongezwa na lini. Kwenye CD zenu za kumi, kumi na moja na kumi na mbili, nyimbo nyingi zina ngoma na gitaa la besi za namna ambayo haikuwako Nashville mwaka 1963, lakini kijitabu kinazitaja zote kuwa za 1963 na 1964. Linalonisikitisha zaidi ni Have You Ever Been Lonely, mlioutaja kuwa wimbo alioimba pamoja na mwimbaji mwenzake wa kantri, Patsy Cline, mwaka 1961. Wawili hao hawakuwahi kurekodi wimbo huo pamoja. Kila mmoja alikuwa ameuimba peke yake, na mwaka 1981, wote wakiwa wamekufa zamani katika ajali za ndege, mafundi walizitoa sauti zao kwenye kanda mbili na kuziunganisha. Kazi hiyo ina ustadi wake, lakini kumwambia mnunuzi kwamba waimbaji hao walisimama pamoja mbele ya kipaza sauti ni kumpa historia ya uongo, ambayo naye ataipokea kwa imani na kuwapa wengine.

Ninajua kwamba kampuni nyingi za Ulaya hukomesha seti zao za bei nafuu kwenye rekodi za mwaka 1962, kwa sababu ulinzi wa hakimiliki wa rekodi za hadi mwaka huo ulikuwa umekwisha huko kabla muda huo haujaongezwa kutoka miaka 50 hadi 70. Mkusanyaji anayelijua jambo hilo halalamiki, mradi kasha liseme 1962. Nyinyi hamkusema hivyo. Mliandika 1964, na mkaweka ndani wimbo uliounganishwa mwaka 1981, kwa hiyo kizuizi cha haki hakiwezi kuwa sababu ya rekodi halisi za miaka yake miwili ya mwisho kukosekana. Albamu yake ya Krismasi ya mwaka 1963, Twelve Songs of Christmas, imo kwa nyimbo tatu tu kati ya kumi na mbili, nayo ndiyo albamu ambayo nyumba nyingi za Kenya huitoa kila Desemba. Nyimbo alizoimba kwa Kiafrikaans hazimo hata moja. Mwaka 1962 alizuru Afrika Kusini pamoja na Chet Atkins na Floyd Cramer, kisha akaigiza huko katika filamu ya Kimberley Jim, na kujitaabisha kwake kuimba kwa lugha asiyoijua ni sehemu ya kazi yake ambayo msikilizaji wa Afrika ana haki ya kuisikia na kuipima. Ziara hiyo ilifanyika chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, na hilo lilistahili kuandikwa wazi kijitabuni. Kuziacha rekodi zenyewe hakumsaidii mtu yeyote kulielewa.

Kuhusu ubora wa sauti nitasema machache. Rekodi za Abbott zilifanywa kwa mono, yaani sauti moja isiyogawanywa kushoto na kulia, nanyi mmezigawanya kwa njia ya kuchuja, sauti nzito upande wa kushoto na nyembamba upande wa kulia, kisha mkaandika stereo. Mchezo huo ulikuwa wa kawaida katika santuri za miaka ya 1960, na wakati huo angalau jalada lilisema kwamba sauti imegeuzwa kwa umeme. Tena, ili kuondoa mchakacho wa kanda, programu iliyotumika imeondoa pia sehemu ya juu ya sauti, hata katika He'll Have to Go pumzi ya mwimbaji kabla ya mstari wa kwanza haisikiki, ilhali kwenye santuri yangu iliyochakaa inasikika vizuri. Uimbaji wa Jim Reeves tangu 1957 ulitegemea ukaribu huo na kipaza sauti, na ukiuondoa umemwondoa yeye.

Sasa niyajibu maneno ya mhudumu wenu, kwamba wasikilizaji wengi hawatambui tofauti. Nimekulia katika nchi ambayo redio yake imempiga Jim Reeves kwa miongo mingi, asubuhi za Jumapili, wakati wa maombolezo na wakati wa sikukuu, na ninawafahamu wazee wasiowahi kufika Texas wala Tennessee ambao watakuambia, baada ya kusikia ala za mwanzo tu, kama hii ni rekodi waliyoizoea au imebadilishwa. Mtu akienda Soko la Kenyatta jijini Nairobi, ambako santuri za zamani bado zinauzwa, ataona jinsi wanunuzi wanavyosoma namba na mwaka kwenye lebo kabla ya kutoa fedha. Hata kama ingekuwa kweli kwamba wengi hawatambui, mnunuzi asiyeweza kutambua ndiye anayekitegemea kijitabu zaidi, na ndiye mnayemkosea zaidi. Kijana anayeanza leo kukusanya rekodi za mwimbaji huyu, akiwa na seti yenu peke yake, ataamini kwamba Jim Reeves alirekodi akiwa maiti, kwamba aliimba na Patsy Cline, na kwamba mtindo wake haukubadilika.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, pamoja na habari anazohitaji ili afaidike nazo ipasavyo, na Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Ninaamini kwamba maneno "rekodi zote za asili, 1949–1964" ni maelezo ya namna hiyo.

Kwa hiyo ninaomba mnirudishie shilingi 18,500 kamili, na gharama ya kuwarejeshea seti iwe juu yenu. Ikiwa mnapendelea kurekebisha badala ya kurudisha fedha, nitakubali CD zilizosahihishwa, kwa masharti kwamba rekodi ya kwanza ya Am I Losing You iwemo, nyimbo zilizoongezewa ala baada ya kifo zitengwe kwenye CD yao zikiwa na maelezo kamili, rekodi za mono zirudishwe kuwa mono, na kijitabu kitaje tarehe, studio na wanamuziki wa kila kikao cha kurekodi kwa kadiri zinavyojulikana. Kwa vyovyote vile, ninaomba tangazo libadilishwe mara moja, na wote walioinunua seti hii waarifiwe, kwa kuwa kasoro hizi si za nakala yangu peke yake.

Ninatarajia jibu lenu la maandishi kabla ya tarehe 14 Juni 2024. Nisipolipata, nitayapeleka malalamiko haya kwa mamlaka zinazohusika. Nimeambatisha nakala ya risiti, picha za kasha na za kurasa za kijitabu nilizozitaja, na orodha ya nyimbo ambazo nimezikagua moja baada ya nyingine, nikionyesha kando ya kila moja mwaka mlioandika ninyi na mwaka unaoonekana kwenye santuri yangu. Seti yenyewe ninayo, imefungwa katika kasha lake, na iko tayari kuchukuliwa.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu, Nakuru