Barua kwa shoga yangu aliye Tanga

Jambiani, Unguja, Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Assalamu alaykum, na hongera ya uzazi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikiwa barazani peke yangu, nikaona nisikujibu kwa sauti. Haya yanataka kuandikwa.

Unasema likizo inakwisha wiki tatu zijazo na mumeo anataka uache kazi, maana mshahara wa ukarani wa stoo utaishia kwenye nauli na dada wa kazi. Na wewe, ili usiache, umepata njia yako: umlete mtoto wa binti ami yako kutoka shamba, ana miaka 13, skuli haimpendezi, akulelee kwa chakula na nguo za sikukuu.

Yote mawili yamenikaa kooni. La pili zaidi.

La kuacha sina mengi. Mumeo ahesabu upya. Huko bara sheria ya ajira ya 2004 imekupa siku 84 za likizo yenye malipo, na ukirudi una haki ya kupata hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi za kumnyonyesha mtoto. Zidai, zisikupite. Kila mwezi mchango wa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, unaingia kwa jina lako, asilimia 20 ya mshahara, wako na wa mwajiri pamoja. Ukiacha, unakatika. Na kwa nini malipo ya dada yatolewe kwenye mshahara wako peke yako? Mtoto ana baba.

Sasa nije kwa huyo binti.

Unajua mama yangu alilima mwani. Kilimo chenyewe kilianza hapa kwetu na Paje mwaka 1989, na walioingia kwa wingi ni wanawake, wengi wake za watu. Mama anasema baba alikataa mwanzo, akiona vibaya mkewe ashinde baharini watu wanampita. Ajabu ni kwamba siku zote mama alikuwa akipiga makumbi na kuchokoa pweza, wala hakuna aliyeita ile kazi. Mwani uliitwa kazi kwa sababu kulikuwa na mizani na mnunuzi. Baba alilainika alipoona bati. Nyumba yetu ilitoka makuti kwa fedha ya mama, na kabati la vyombo likafuata. Kisha taratibu baba akaacha kununua sukari, halafu madaftari. Hakutangaza. Aliona vipo tu.

Lakini lililonifanya nikuandikie ni bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa sana. Mwani unakwenda na bamvua, mara mbili kwa mwezi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, siku kadhaa mfululizo. Na maji ya bamvua kwetu hupwa saa nne asubuhi. Saa nne mtoto yuko wapi, shoga? Yuko darasani. Mama alikuwa anatoka mapema na vigingi, kamba na taitai zake, zile nyuzi za kufungia mwani, harudi mpaka bahari ianze kujaa. Baba amelala, ametoka kuvua usiku, simlaumu kwa usingizi. Kaka alikwenda skuli. Niliyebaki na mdogo wetu mgongoni, chungu jikoni na mwani wa juzi uanikwe, ni mimi, nina miaka tisa. Kila bamvua. Hesabu za sehemu zilinipita hivyo, nikaja kuzijua nina watoto.

Ikawa mbaya zaidi kotonii, ule mwani wenye bei, ulipoanza kufa maji yalipozidi joto. Ukabaki spinosam, ambao kwa miaka mingi kilo moja kavu haikufika hata shilingi elfu. Kupata fedha ile ile mama alihitaji kamba nyingi zaidi, na mimi siku nyingi zaidi nyumbani.

Simlaumu mama hata kidogo. Bila mwani wake tusingekuwa na paa. Ila fedha yake ilikatwa pahala ambapo hakuna aliyepaona, na pahala hapo nilikuwa mimi. Juzi nimemsomea ujumbe wako. Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Mwambie asifanye nililokufanyia." Sijapata kumsikia akilitamka.

Basi usimchukue huyo mtoto. Unasema skuli haimpendezi. Mimi pia nilisema hivyo, kwa kuwa nilichoka kuwa wa mwisho kujua kila kitu.

Kaa na mumeo, umwambie mnaongea juu ya masaa. Nani yuko nyumbani saa kumi na moja alfajiri, nani saa kumi jioni. Yeye ana zamu, zipangwe. Mama mkwe yuko mtaa wa pili, aombwe kwa heshima, na atakachohitaji kitoke kwenu wote wawili. Mkiweka mtu wa kazi, awe mtu mzima, mumlipe mshahara wa kueleweka. Mume wangu alikuwa anaona aibu kuanika winda za mtoto uani. Akaanika usiku, kisha magharibi, sasa anaanika mchana kweupe na majirani wameshazoea.

Akikwambia kazi ya nyumbani si kazi, mtajie kesi ya Bi Hawa Mohamed. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, kwa kuisoma Sheria ya Ndoa ya 1971. Yeye mwenyewe rufaa yake ilikataliwa kwa sababu nyingine, na hilo huniuma kila nikilikumbuka, lakini wanawake waliokuja nyuma yake wameisimamia kanuni ile. Kama majaji waliuona mchango wa jikoni, mumeo naye ataubeba wake.

Mwezi ujao nina likizo, nitakuja Tanga siku kumi, nikae na mtoto wakati mnapanga. Mama anauliza kama analala usiku. Na niulizie huyo binti yuko darasa la ngapi, nimletee madaftari.

Somo wako