Ami, usiikate kwanza ile mikarafuu ya bondeni

Ami, shikamoo. Salamu kwa wote huko Maskati.

Ulipopiga simu ulitaka kujua bei ya kuangusha ile mikarafuu mikongwe, kwa kuwa haizai tena. Kabla hujatuma hela, nisikilize. Jumamosi nilishinda msitu wa Ngezi na mlinzi mmoja na darubini ya kuazima, tukitafuta ndege.

Wako wanne ambao duniani kote hawapatikani ila Pemba: ninga wetu, yaani njiwa wa kijani, chozi wetu, yule mnyonya maua, bundi wetu mdogo, na yule kadege ka manjano mwenye pete nyeupe jichoni. Unguja, na majivuno yao yote, hawana hata mmoja wa kwao peke yao. Wao walishikana na bara enzi za barafu, bahari iliposhuka. Sisi mkondo wa bahari kati yetu na bara una kina cha mamia ya mita, haukuwahi kukauka. Ndege walionasa huku wakajikalia hadi wakawa wengine.

Ninga tulimkuta mkuyuni asubuhi. Unatazama, huoni kitu, majani matupu. Mara jani moja linatembea, linajining'iniza kichwa chini, linachuma tunda na kulimeza zima. Ndipo unaliona bega lake, zambarau iliyokolea. Chozi hakutuchosha: alikuwa Konde, uani mwa watu, kichwa kimezama kwenye ua la mgomba.

Bundi tulimngoja baada ya magharibi. *Hu*. Kimya. *Hu*. Wa pili akaitikia ng'ambo ya njia. Mlinzi alimulika mara moja tu: kidude chekundu cha kutu, macho ya manjano, kimekaa wima kama mtu aliyeitwa barazani. Bibi akimsikia hufunga madirisha na kusoma dua. Mimi sibishani naye.

Lakini huyu si wa msituni tu, ami. Hukaa hata kwenye mashamba ya mikarafuu yaliyofunga majani, na juzi usiku nimemsikia bondeni kwetu.

Basi tuikate iliyokauka kabisa, mingine tuiache. Miche mipya nitaipanda katikati yake. Mche wa mkarafuu bila kivuli hauponi, hilo ulinifundisha wewe. Nijibu kabla ya Ijumaa, maana mwenye msumeno keshaahidiwa kazi.