Barua ya wazi kwa vijana wa kikapu mnaoliona benchi kama adhabu

Wanangu,

Jumamosi nilikuwa jukwaani, nikaona jambo lililoninyima usingizi. Kocha mpya alimwondoa nahodha wenu kwenye kikosi cha kuanza. Nahodha akaenda kuketi mwisho kabisa wa benchi, taulo kichwani, kamba za viatu kazifungua. Alipoitwa aingie robo ya pili, akaanza kuzifunga upya taratibu, kiatu kimoja baada ya kingine, kocha amesimama anamsubiri. Nyinyi mliokaa karibu naye mkacheka. Kicheko kile kiliniuma kuliko timu yenu kushindwa mechi.

Mwaka 2014 Golden State Warriors, timu iliyokuwa ikicheza Oakland, Marekani, ilimfukuza kocha Mark Jackson ingawa alikuwa ametoka kushinda mechi 51 za msimu. Akaletwa Steve Kerr, mtu ambaye hakuwahi kuwa kocha popote. Ubingwa wa mwisho wa timu hiyo ulikuwa wa 1975. Kerr akamwomba Andre Iguodala aanzie benchi ili Harrison Barnes, kijana wa miaka 22, apate nafasi. Iguodala alikuwa na mechi 758 za msimu wa kawaida, na zote alianza. Zote! Nyumbani ana dhahabu ya Olimpiki ya 2012. Hakufurahi, nani angefurahi? Lakini alikubali. Mkubwa alipokubali, nani mwingine angethubutu kununa? Hata David Lee, aliyelipwa kuliko wote pale, aliumia, akarudi akakuta Draymond Green ameshika nafasi yake, na hakuivuruga timu.

Warriors wakashinda mechi 67, wakapoteza 15. Kwenye fainali, ambako bingwa ni anayetangulia kushinda mechi nne, timu ya Cleveland ya nyota LeBron James ikawatangulia kwa mechi 2-1. Ndipo Nick U'Ren, msaidizi wa miaka 28, alipopendekeza Iguodala aanze, na Andrew Bogut, aliyekuwa akianza, aende benchi. Kerr hakumuuliza kijana yule ana cheo gani, alimsikiliza. Iguodala, ambaye msimu mzima hakuwa ameanza hata mechi moja, akaingia mwili na akili vikiwa tayari. Wakashinda 103-82, kisha mbili zilizofuata, wakatwaa kombe. Mchezaji bora wa fainali akawa yeye, mtu wa benchi.

Sasa niambieni, yule wa kamba za viatu angeitwa usiku kama ule, angekuwa tayari?

Siwalaumu nyinyi peke yenu. Ugonjwa huu mmeurithi kwetu wazee. Mtu akishakalia kiti cha mbele, kumwomba asogee imekuwa kumtukana. Watoto wanatuona tukigombea viti, tukihesabu nani katajwa kwanza, halafu tunashangaa wakinuna uwanjani. Aibu hiyo ni yetu.

Mengine nayataja tu. Toeni pasi, maana Kerr alianzia hapo. Msimtukane kocha aliyeondoka. Ulinzi wa Warriors ulijengwa na Jackson, na Kerr alilisema hilo hadharani.

Nanyi viongozi wa klabu, mnaoanza kunong'ona baada ya mechi tatu, sikilizeni. Mwaka 2016 Kerr alishinda mechi 73 za msimu, akapoteza fainali akiwa ameongoza 3-1. Yakaja makombe ya 2017 na 2018. Kisha msimu wa 2019-20 majeruhi wakaiangusha timu hadi ushindi 15 na vipigo 50. Hawakumfukuza. Mwaka 2022 akawaletea kombe la nne.

Mwanangu nahodha, nakupenda, nimekuona ukikua tangu mpira ukikuzidi mikono. Mazoezi yajayo fika mapema, mshike mkono kocha mbele ya wenzako, kisha mtafute yule mdogo aliyechukua nafasi yako, umwonyeshe unavyomkaba mtu wa pembeni. Nitakuwa jukwaani.

Mzee wenu