Kwenye chumba kile cha mahojiano, WP alikuwa wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nimjibu mwandishi wenu wa burudani, aliyeandika Jumamosi iliyopita kuhusu filamu ya Basic Instinct. Ameisifu sana, na sehemu kubwa ya sifa zake sina ugomvi nazo. Muziki wa Jerry Goldsmith unasisimua kweli, picha ni safi, na magari yanavyofukuzana kwenye kona za milima ya kule California yananitoa jasho mpaka leo. Ugomvi wangu ni pale aliposema kwamba mpelelezi Nick Curran, maskini wa Mungu, alinaswa na uzuri wa mtuhumiwa, utadhani ni samaki changu aliyejipitia zake akakutana na nyavu za watu wa Feri.

Mimi ni askari mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa upande wa upelelezi, hapa hapa Dar es Salaam, na kwa kuwa WP, yaani askari polisi wa kike, tulikuwa wachache, kila alipoletwa mtuhumiwa wa kike niliitwa mimi. Kumpekua, kukaa naye akihojiwa, kumsindikiza chooni, kumsindikiza mahakamani. Kwa hiyo chumba cha mahojiano nakijua kama jikoni kwangu.

Filamu yenyewe niliiona mara ya kwanza kwenye kanda ya VHS. Ilitoka Marekani Machi 1992, na wakati huo huku bara hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Zanzibar walikuwa na TVZ yao tangu 1973, sisi tukasubiri mpaka 1994. Mwenye deki ndiye alikuwa sinema ya mtaa. Kanda hiyo ilipoingia line ya polisi ilizunguka nyumba kwa nyumba, na ilipofika kwangu ilikuwa imeshaliwa pale kwenye mahojiano, picha inatetemeka na mistari meupe inapita. Walikuwa wameirudisha nyuma mno. Mnajua wenyewe walikuwa wanatafuta nini.

Baada ya kusoma makala yenu nilikwenda kibandani, wanakoweka muvi kwenye flashi kwa mia tano. Kijana wa pale akanitazama, akatazama kompyuta, akanitazama tena. "Bibi, hii una uhakika nayo?" Nikamwambia weka, mwanangu, hii ni ya kazini.

Kwa asiyeijua: mwanamuziki wa roki aliyestaafu, Johnny Boz, anauawa kitandani kwa chuma cha kupasulia barafu. Anayeshukiwa ni Catherine Tramell, mwanamke tajiri, mwandishi wa riwaya, ambaye ameshaandika kitabu chenye mauaji ya namna ile ile. Nick anapewa kesi. Michael Douglas ndiye Nick, Sharon Stone ndiye Catherine, na mwongozaji ni Paul Verhoeven, Mholanzi.

Sasa twende polepole, kama tunavyosoma jalada.

Nick na mwenzake Gus wanamfuata Catherine nyumbani kwake ufukweni wamchukue kituoni. Anawaambia wamsubiri abadilishe nguo. Mlango wa chumbani unabaki wazi, kuna kioo, na Nick anamwona mwanamke akiwa mtupu. Mwandishi wenu ameandika kwamba hapo ndipo mtego ulipotegwa. Mimi nilisimamisha picha nikajiuliza: hawa wanaume wawili wamekwenda kumchukua mwanamke bila WP? Angekuwepo WP angeingia naye chumbani, mlango ungefungwa, na filamu ingekosa dakika zake tamu. Utaratibu huu haukubuniwa kwa ajili ya kulinda aibu tu. Mtuhumiwa akiingia chumbani peke yake anaweza kutoka na kisu, anaweza kumeza kidonge, anaweza kutokea dirishani.

Halafu yanakuja mahojiano. Wanaume peke yao wamejipanga mbele yake kama kamati ya harusi. Anawasha sigara pasipotakiwa kuvutwa, wanamtazama. Anabadilisha miguu, ndani ya gauni hajavaa kitu, na hapo dunia nzima ikasimama mpaka leo. Maswali yenyewe wanayomuuliza! Mengi yanazunguka kitandani: alilala na marehemu vipi, alifurahia vipi. Kapteni, mwendesha mashtaka, yeyote yule, akiuliza maswali ya namna hiyo mbele yangu ningejua hatafuti muuaji. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inampa askari saa nne za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, na kama hazikutosha lazima aombe nyongeza kwa utaratibu wake. Saa nne ukizitumia kuuliza habari za shuka, maelezo ya onyo, yale anayotoa mtuhumiwa baada ya kuonywa, utayaandika saa ngapi? Na uyaandike, umsomee, akubali au akatae, aweke sahihi au dole gumba. Mkono unauma, wino unachafua, hakuna mwenye nafasi ya kutazama mapaja.

Mahojiano yakiisha, nani anamrudisha mtuhumiwa nyumbani? Nick. Peke yake, usiku, mvua inanyesha. Akitoka hapo anakwenda kunywa pombe aliyokuwa ameiacha.

Huyu Nick tunaambiwa ameshaua watalii kwa bahati mbaya akiwa kazini, na alikuwa mtumiaji wa kokeini. Wenzake wanamtania kwa jina la Shooter, yaani mpiga risasi. Daktari wa akili wa polisi, Beth, anayetakiwa kupima kama anafaa kushika bunduki, alikuwa mpenzi wake. Mwandishi wenu anamshangaa Catherine. Mimi namshangaa mkuu wa upelelezi aliyempa mtu huyu jalada la mwanamke mrembo. Na mwanamke anayeumizwa na Nick waziwazi mle ndani ni huyo Beth. Anamwambia aache, yeye haachi. Makala yenu ndefu yote ile haikuwa na mstari mmoja kuhusu Beth.

Kuna sehemu moja nimeivulia kofia. Jalada la siri la Nick, la matibabu yake ya akili, linauzwa kwa Catherine na ofisa wa polisi kwa dola 50,000. Hilo nalisadiki. Jalada lina miguu kuliko mahabusu, na mwenye fedha analikuta mezani kwake kabla hakimu hajaliona.

Nieleze la kwangu moja, kituo na mwaka navihifadhi. Aliletwa dada keshia wa duka la vifaa vya ujenzi, mauzo hayakulingana na risiti. Kesi ya kawaida kabisa. Mpelelezi wake alikuwa kijana mtanashati, anajua kazi, Kiswahili chake kizuri. Nilianza kuona chipsi mayai na soda baridi vinapita kaunta kwenda kwa mtuhumiwa mmoja, wengine wanasubiri uji wa ndugu zao. Kisha likawa linaitwa jina lake la kwanza, tena kwa sauti ya chini. Kisha jalada likagoma kwenda mbele, kila likitakiwa kwa mwendesha mashtaka, "bado kuna kitu nafuatilia, afande." Jioni moja akaja kusema anamtoa mtuhumiwa akaonyeshe alikoficha risiti. Kwa gari lake binafsi. Saa moja na nusu usiku.

Nilisimama pale kaunta nikamwambia afande wa zamu aandike kitabuni kwamba mtuhumiwa anatoka na WP. Kijana akacheka, akasema mama, safari yenyewe fupi, unajisumbua. Nikachukua koti langu, nikapanda kiti cha nyuma na yule dada. Tulizunguka Dar es Salaam kimya kimya, taa moja baada ya nyingine, hakuna pa kushuka, hakuna risiti. Foleni ya Ubungo ikatushika. Yule dada hakunitazama, aliangalia mbele tu, akasema polepole: "Afande, usishuke kabla yangu." Tukarudi kituoni. Zile chipsi za mchana nilizikuta kwenye mfuko wake zimeganda mafuta, hajagusa hata kijiti kimoja. Hata hivyo alikuwa amezipokea na kusema asante kaka. Angemkataaje mtu aliyeshika jalada lake?

Na mnajua maneno yaliyobaki pale kituoni? Kwamba keshia yule alikuwa anamtega kijana wa watu.

Ndiyo maana neno la kunaswa limenichoma. Mwenye ufunguo wa lokapu hanaswi na aliye ndani ya lokapu. Tangu 2007 Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, kifungu cha 25, inalitambua jambo hili: mwenye mamlaka akiyatumia kudai ngono ili ampe mtu haki au upendeleo, hilo ni kosa la rushwa. Huku kwetu Nick angeitwa TAKUKURU, asingeandikiwa makala ya mapenzi.

Najua nitajibiwa kwamba Catherine si keshia. Ana mali, ana mawakili, anafungwa kipimo cha uongo anafaulu, polisi wote anawachezea. Ni kweli, na ndipo penye ufundi wa mwandishi wa mswada, Joe Eszterhas, aliyeuuza kwa dola milioni 3. Amemjaza mwanamke nguvu zote, akili zote, fedha zote, mpaka mtazamaji amesahau kwamba mwenye bastola na kitambulisho cha polisi ni yule mwingine. Hata watu wa San Francisco hawakuimeza kimya kimya. Mwaka 1991 filamu ikiwa bado inapigwa waliandamana, kwa sababu wanawake wanaopenda wanawake wenzao walikuwa wamechorwa kama wauaji.

Na kama mwandishi wenu anapenda habari za nyuma ya kamera, hii alipaswa kuijua. Sharon Stone, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2021, anasema siku ya kupiga ile picha ya kubadilisha miguu aliambiwa avue nguo ya ndani kwa sababu inarudisha mwanga, akaahidiwa hakuna kitakachoonekana. Kilichoonekana alikuja kukikuta kwenye skrini, amekaa chumba kimoja na mawakala na wanasheria. Verhoeven anakanusha, anasema mwanamke alijua. Mimi sikuwepo, siwezi kuwaamulia. Lakini nimeshaandika maelezo mengi ya watu wawili waliokuwa chumba kimoja, na swali la kwanza la mpelelezi ni lile lile: nani alikuwa ameshika kamera?

Sisemi filamu ipigwe marufuku. Juzi msomaji mwenzangu wa Kigamboni aliwaandikia akitaka Bodi ya Filamu iamke. Bodi ina sheria yake tangu 1976 na ina kazi yake, ila kibandani kwetu hakuna mwenye habari nayo, na kijana wa flashi haulizi umri wa mtu isipokuwa awe bibi. Watu wazima waitazame. Ninachotaka ni wakiitazama wasimhurumie asiyestahili.

Nina sababu ya pili ya kuandika. Kuna kijana hapa mtaani anaandika miswada ya filamu, na ameniletea wa kwake nimkagulie mambo ya polisi. Kachero wa Dar anachunguza kifo cha mfanyabiashara wa Masaki, mtuhumiwa ni mjane, na ukurasa wa kumi na kitu kachero ameshalala kwake. Nikamuuliza, WP yuko wapi? Akasema, shangazi, tukimweka WP hadithi inakufa. Nikamwambia mweke, halafu mpe yeye kamera. Mwoneshe anayekaa pembeni na daftari, anayehesabu soda zinazopita kaunta, anayejua jalada limelala siku ngapi na kwa nini, na mkuu wake hataki kusikia kwa sababu kachero yule ndiye anayemletea kesi zinazoshinda. Mjane naye abaki mrembo anavyotaka, awe muuaji au asiwe. Hofu ipo tele hapo, na huba pia ipo. Amechukua karatasi zake amekwenda kuzifikiria, ameninunia kidogo.

Mwandishi wenu wa burudani kama anataka kunijibu, ajibu gazetini. Na akitaka kuja tuitazame wote nimwonyeshe pa kusimamisha picha, karibu Tabata Kisukulu, namba yangu mnayo hapo ofisini. Asije Jumanne tu, nina kikoba.

WP mstaafu
Tabata Kisukulu, Dar es Salaam
(Jina langu mnalo, naomba lisichapishwe)