Tulifuma mchana, wakafumua usiku

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini taarifa yenu kuhusu zulia lililofumwa kwa pamoja na familia, ile iliyobeba picha kubwa ya zulia lenyewe likiwa limetundikwa ukutani, imenishinda kuinyamazia. Mliandika kwamba kila familia iliacha alama yake humo. Yetu iko wapi?

Nilikwenda kwenye ufumaji huo na mjukuu wangu wa miaka saba, tukiwa na shati langu kuukuu tulilokuwa tumelichana nyumbani vipande virefu vya upana wa vidole viwili. Kipande kimoja kilibaki na kifungo, naye akashikilia kwamba kisitolewe. Tulikaa mbele ya fremu karibu saa nzima, yeye akipitisha kitambaa juu ya uzi mmoja wa mtande, yaani nyuzi zilizotandwa kwenye fremu, na chini ya unaofuata, mimi nikimkumbusha aulaze mshindio, yaani kitambaa hicho kinachopitishwa, kwa upinde kabla ya kuushindilia, maana ukivutwa sana kingo huingia ndani. Aliuvuta hata hivyo, na sikatai, upande wetu ulibonyea kama kiuno cha nyigu. Tuliporudi kesho yake ili amwonyeshe mama yake, mistari yetu yote haikuwapo. Mahali pake palikuwa na kazi iliyonyooka, ya mkono wa fundi, na kifungo chetu kilikuwa ndani ya kapu la mabaki chini ya fremu. Msimamizi alinieleza, kwa upole unaoudhi kuliko matusi, kwamba walilazimika "kusawazisha" kwa ajili ya maonyesho. Mtoto hakulia. Aliuliza tu kama alikosea, na mimi niliyemwambia kwamba kazi ile ni yetu sote nikakosa la kumjibu. Kama ilitakiwa kazi ya fundi, si angeitwa fundi akalipwa haki yake, nasi tukabaki nyumbani na shati letu?

Tena hilo neno "endelevu" mlilolirudia kila aya: uzi uliochukua nafasi ya shati letu ulikuwa mpya, wa poliesta, ambayo ni plastiki itokanayo na mafuta ya petroli na ambayo kila inapofuliwa huacha nyuzinyuzi majini. Meza ya watoto nayo ilijaa vumbi la plastiki la kumetameta, lile ambalo Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia kuuzwa kwake Oktoba 2023.

Kwa hiyo napendekeza kwamba safari ijayo ufungwe uzi mwekundu sentimita 30 kutoka ukingo wa kushoto wa fremu, na fundi yeyote atakayetamani kusawazisha ndani ya mpaka huo afume kwanza mistari kumi kwa mkono asiouzoea, mbele ya watoto, kisha watoto waamue kama ifumuliwe.

Kifungo ninacho. Ni cheupe, kina matundu manne, na kinahitaji dakika tatu tu za mtu mwenye sindano.

Babu aliyefumuliwa